Haki Ina Mudda Wake: Darasa juu ya Madai ya Makosa ya Utabibu



Darasa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulijua baada ya kupitwa nalo. Mtu amekwenda hospitali akitafuta shifaa, akarudi na dhara ambayo hakwenda nayo. Amekatwa pasipokatwa, au amesahauliwa kitambaa tumboni, au mzazi ameachwa na uchungu usiku kucha mpaka mtoto akapata ila ya maisha. Je, mtu huyu ana haki ya kudai? Na kama anayo, haki hiyo hungoja hata lini?

Watu wa mji wetu katika suala hili wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili yamekosea. Fungu la kwanza husema, "Ni kudra ya Mungu," kisha likanyamaza. Fungu la pili kila apatapo kufa mgonjwa husema, "Daktari amemuua," na maneno hayo yakatembea barazani bila ya ushahidi. Hao wa kwanza wamechanganya subira na ajizi, kwani kuridhika na kudra hakuondoi dhamana ya aliyekosa. Aliyevunjiwa chombo chake baharini kwa uzembe wa mwingine hudai thamani ya chombo, na imani yake haikupungua. Na hao wa pili wamesahau kuwa kumtuhumu mtu bila ya bayana ni dhulma, hata akiwa daktari, hata akiwa tajiri.

FASILI YA KWANZA: TABIBU HUDHAMINI LINI?

Jambo hili si geni katika Sharia. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alimtia dhamana mtu mwenye kujitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, amewapanga matabibu mafungu matano kwa kutazama dhamana zao. Tabibu hodari aliyepewa idhini, akaitimizia kazi yake haki yake wala mkono wake usikose, huyo hadhamini hata mgonjwa akifa. Jahili aliyejitia utabibu hudhamini. Na aliye hodari lakini mkono wake ukateleza ukafika pasipostahili, yeye pia ana dhamana, japokuwa hana dhambi ya kukusudia.

Sheria ya nchi haiko mbali na maana hii. Mahakama za Kenya humtaka mdai athibitishe mambo matatu. Kwanza, daktari au hospitali ilikuwa na wajibu wa kumwangalia. Pili, wajibu huo ulivunjwa, yaani hakutendewa vile ambavyo tabibu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angemtendea. Kipimo hiki kimetoka Uingereza katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957. Tatu, dhara ile imetokana na uvunjaji ule, wala si na maradhi yenyewe. Kwa hiyo kutopona peke yake si ushahidi, na mambo haya kwa kawaida hayathibitiki ila kwa kauli ya daktari mwingine aliyesoma karatasi za mgonjwa. Na hospitali nayo hujibu kwa makosa ya watumishi wake, si daktari peke yake.

FASILI YA PILI: KWA NINI PAKAWEKWA MUDDA?

Mwenye kudhulumiwa huuliza: ikiwa haki ni yangu, nani ampaye serikali ruhusa ya kuihesabia siku? Suala hili ni zuri, na mafakihi walilitazama kabla yetu.

Asili ya Sharia ni kwamba haki haifi kwa kupita zama. Lakini dola ya Uthmaniya, ilipoandika Majalla yake iliyokamilika mwaka 1876, iliweka kuwa kadhi asisikize madai mengi yaliyoachwa miaka 15 bila ya udhuru. Tazama vizuri: kilichozuiliwa ni kusikizwa kwa daawa, si haki yenyewe. Ndiyo maana kitabu hicho hicho kikasema kuwa mdaiwa akikiri, mudda hautazamwi, bali huhukumiwa kwa kukiri kwake. Na kikahesabu nyudhuru: utoto, wazimu, kuwa katika nchi ya mbali, na hata mdai kumkhofu mdaiwa kwa kuwa ana nguvu na utawala. Siku za udhuru hazikuhesabiwa. Majalla ni kitabu cha madhehebu ya Hanafi na sisi watu wa pwani ni Mashafi, lakini hekima haina madhehebu.

Na hekima ya mudda ni hii. Shahidi husahau. Muuguzi huhamishwa, daktari hufa, karatasi huliwa na mchwa. Akija mdai baada ya miaka 20, mdaiwa hana tena cha kujitetea, na hakimu hana cha kutazama. Basi mudda ni insafu kwa mdaiwa. Lakini insafu ya upande mmoja si insafu, na ndipo tutakapofika katika fasili ya tano.

FASILI YA TATU: HESABU YA SIKU KATIKA SHERIA YA KENYA

Hapa twaomba msomaji achukue kalamu.

Sheria ya kwanza ni ile ya Mudda wa Madai, Sura ya 22, iliyotungwa mwaka 1968. Kifungu cha 4 chasema kuwa daawa ya dhara iliyotokana na uzembe hailetwi baada ya kupita miaka 3 tangu kuzuka kwa sababu ya daawa. Huu ndio mudda wa hospitali ya mtu binafsi na wa daktari mwenye kliniki yake.

Sheria ya pili ni ile ya Mudda wa Madai dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39. Humo daawa kama hiyo juu ya Serikali, au juu ya baraza la mtaa kama yalivyokuwako zamani, ina miezi 12 tu. Hospitali zetu nyingi ni za umma: tangu ugatuzi wa 2013, hospitali ya Msambweni na vituo vya afya vya huku kwetu viko mikononi mwa Kaunti ya Kwale. Mwenye busara asikae akabahatisha kama kaunti huingia katika sheria hii au haingii. Na ahesabu miezi 12, awe salama kwa kila hali.

Zamani palikuwa na kizuizi kingine: aliyetaka kuishitaki Serikali alilazimika kuipa ilani ya siku 30 kabla, na asipoipa daawa yake hutupwa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi ya kampuni ya Kenya Bus Service na Waziri wa Uchukuzi, ilihukumu kuwa sharti hilo lapingana na haki ya kufikia mahakama iliyo katika kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010. Hata hivyo kupeleka barua ya madai mapema ni adabu na ni faida, kwani huenda mambo yakesha kwa sulhu.

Aliyefiwa naye ana hesabu yake. Chini ya Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, daawa ya wategemezi hufunguliwa katika miaka 3 tangu siku ya kufa. Na ikiwa hospitali ni ya umma, ashike ile miezi 12. Na asidhani kuwa mjane au mtoto aweza kudai kwa ajili ya mali ya marehemu kwa kuwa yeye ni mrithi tu. Mahakama hutaka barua ya usimamizi, hata iwe ile ya mpaka, itolewayo kwa ajili ya daawa peke yake. Wengi wamefungua daawa bila ya barua hiyo ikafutwa, na walipokwisha kuipata mudda umekwisha.

Juu ya mtoto na asiye na akili timamu, kifungu cha 22 cha Sura ya 22 kina ruhusa yake, lakini ruhusa ile ina masharti. Mzazi asilale akisema, "Mwanangu atadai akikua." Na adai yeye kwa niaba yake sasa, maadamu ushahidi u hai.

FASILI YA NNE: ASIYEJUA KUWA AMEDHURIWA

Je, aliyefungiwa kitambaa tumboni, naye hana khabari, saa yake huanza lini? Kifungu cha 27 humfungulia mlango, lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Mahakama yaweza kumpa idhini ya kudai baada ya miaka 3 iwapo mambo makubwa ya daawa yake yalikuwa nje ya ujuzi wake, wala hakuwa na njia ya kuyajua kwa juhudi ya kawaida. Akisha kuyajua, ana mwaka 1 tu wa kufungua daawa.

Tupige mfano wa kufundishia. Mwanamke amepasuliwa katika hospitali ya mtu binafsi tarehe 10 Machi 2020. Miaka 3 yake yaisha Machi 2023.

Akijua tarehe 5 Agosti 2023, mudda umekwisha pita, lakini hakuwa na njia ya kujua. Aweza kuomba idhini, na daawa yake iwe imefunguliwa kabla ya kutimia mwaka tangu siku hiyo ya Agosti.

Akijua Januari 2023, yaani katika mwaka wa mwisho wa mudda wake, yeye naye aweza kuomba, na mwaka wake wahesabiwa tangu Januari.

Akijua Juni 2021, hapana nyongeza. Sheria humwambia, "Ulikuwa na zaidi ya mwaka mzima mbele yako." Yeye hana budi kufungua kabla ya miaka 3 kwisha.

Na jambo moja lishikwe sana: kutojua mambo ya mwilini ni udhuru, lakini kutojua sheria si udhuru. Mwenye kumwambia hakimu, "Sikujua kuwa mudda ni miaka 3," hatasikizwa. Tena idhini hiyo huombwa bila ya mdaiwa kuwapo, lakini mdaiwa akija katika kesi ana haki ya kuipinga, na mdai hulazimika kuithibitisha upya.

FASILI YA TANO: JE, HII NI INSAFU?

Kuna wanaosema kuwa Katiba, katika kifungu cha 159, imeamrisha haki itolewe bila ya kutazama mno kaida za mahakama, basi mudda nao usitazamwe. Twasema: mahakama hazikukubali hoja hii, na sababu yao ina uzito. Kukosea kichwa cha karatasi ni kaida. Kuja baada ya mudda ni kumnyang'anya mwenzio kinga ambayo sheria imempa. Na kifungu hicho hicho chasema kuwa haki isicheleweshwe.

Lakini twasema pia kuwa mizani haijakaa sawa, na hoja zetu ni tatu.

Ya kwanza: vifungu hivi vya kutojua vilichukuliwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1963. Sheria ile ilitungwa baada ya mahakama ya juu ya huko, katika kesi ya Cartledge ya mwaka huo, kulazimika kuwanyima wafanya kazi walioharibiwa mapafu na vumbi, kwa sababu mudda ulikwisha kabla hawajaweza kujua kuwa wanaugua. Waingereza wenyewe wakaiona sheria ile ni nyembamba na ngumu kufahamika. Wakaibadili mwaka 1975, na katika sheria yao ya 1980 miaka 3 huhesabiwa tangu siku ya kujua, na hakimu ana khiari ya kuondoa kizuizi akiona ni insafu. Sisi twaendelea kuvaa kanzu ambayo mwenyewe aliyeishona ameivua.

Ya pili: mwenye kutibiwa katika hospitali ya kulipa ana miaka 3, na maskini aliyetibiwa katika hospitali ya Serikali ana miezi 12. Dhara ni moja na uchungu ni mmoja. Twajua kuwa hazina ya umma yataka kulindwa na madai ya kale. Lakini aliye mbali na wakili, asiye na nauli ya kwenda Kwale, ndiye aliyepewa siku chache. Hakimu akifuata sheria hana lawama. Lawama ni ya watungaji, na wao ni watu tuwachaguao sisi.

Ya tatu: karatasi za ushahidi zi mikononi mwa mdaiwa. Saa humwendea mdai, naye hana cha kusoma. Majalla ya zamani iliihesabu nguvu ya mdaiwa kuwa ni udhuru; sheria yetu haikuitaja.

Na twaongeza neno kwa insafu ya matabibu. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, na dawa zimekwisha ghalani, asibebeshwe peke yake kosa la waliomwacha hivyo. Daawa ya haki humtafuta aliyekosa kweli, na mara nyingi aliyekosa ni mpangaji, si mshika sindano.

FASILI YA SITA: WATU WA MPAKANI

Sisi wa Vanga tuna jambo letu la peke yetu. Mpaka u mlangoni, na wako kwetu wenye jamaa Tanga ambao huenda kutibiwa huko. Ajue mtu kuwa dhara iliyopatikana Tanzania ina sheria yake: katika Sheria ya Mudda ya mwaka 1971 daawa ya namna hii nayo ina miaka 3, na Waziri aweza kuongeza mudda kwa kadiri isiyopita nusu yake. Lakini anayetaka kuishitaki Serikali ya huko hana budi kutoa ilani ya siku 90 kabla. Kwa hiyo asichukue hesabu ya upande huu akaipeleka upande wa pili.

FASILI YA SABA: YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, andika tarehe. Siku ya kuingia hospitali, siku ya kupasuliwa, siku ya kutoka, na siku ya kujua dhara. Weka kila karatasi, risiti na picha mahali pasipofika maji.

Pili, taka nakala ya karatasi zako kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 hulazimisha ofisi ya umma kujibu katika siku 21. Sheria ya Afya ya 2017 nayo imempa kila mtu haki ya kulalamika juu ya alivyotendewa.

Tatu, jua tofauti ya malalamiko na daawa. Baraza la Madaktari, ambalo mpaka mwaka 2019 liliitwa Bodi, laweza kumwadhibu daktari au kumwondolea ruhusa ya kazi. Wauguzi na maafisa wa tiba wana mabaraza yao. Ni njia njema, na hukumu ya huko huwa msaada kwa mdai. Lakini malalamiko hayo hayasimamishi saa ya mahakama. Wengi hungoja jibu la Baraza, na jibu lijapo mudda umekwenda. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Nne, juu ya maiti. Sisi huharakisha kuzika, na ni sunna njema. Lakini ukiwapo wasiwasi wa haki kuwa mtu amekufa kwa uzembe, kaburi likifunikwa ushahidi nao umefunikwa. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, huko Makka, mwaka 1987 liliruhusu uchunguzi wa maiti kwa dharura, kama kujua sababu ya kifo katika daawa ya jinai. Basi jamaa wamuulize mwanachuoni upesi, siku hiyo hiyo, wasije wakajuta baada ya arubaini.

Tano, jaribu sulhu, na Katiba yenyewe imeisifu. Lakini sulhu isiwe ni hila ya kula siku. Maneno mazuri ya "ngoja tutazungumza" hayaongezi mudda hata siku moja. Mazungumzo yaende, na daawa ifunguliwe kwa wakati.

Sita, asiye na mali asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka msaada kwa wasiojiweza, na kaida za mahakama zamruhusu maskini kuomba afungue daawa bila ya kulipa ada.

Saba, daawa ikisha kufunguliwa isiachwe. Ikikaa mwaka 1 bila ya hatua, mahakama yaweza kuifuta. Na asiyeridhika na hukumu ya hakimu wa chini ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama Kuu.

MASUALA YA KUJADILIANA DARASANI

1. Nini tofauti ya haki kufa na daawa kutosikizwa?
2. Mtu amejua dhara yake miezi 8 baada ya kupasuliwa katika hospitali ya mtu binafsi. Je, kifungu cha 27 kitamfaa? Kwa nini?
3. Ikiwa ungekuwa mtungaji wa sheria, ungempa mgonjwa wa hospitali ya umma siku ngapi, na ungemwachia daktari kinga gani?

Ndugu zetu, maji ya bamvua hayamngoji mwenye mashua. Akichelewa, yatampwelea matopeni na samaki wake wataoza. Na mudda wa sheria ni kama maji hayo. Aliyesoma darasa hii na amsomee jirani yake, khasa mama zetu wasiojua kusoma, kwani wao ndio waingiao hospitali zaidi na ndio wanyamazao zaidi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu mikono ya uaminifu, na atupe sisi ujasiri wa kudai haki bila ya kudhulumu. Amin.